Mandari Ianze kwa Mtu, Si kwa Gari

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia mashairi, harusi, mapishi na mila zetu za pwani, kwa hivyo msomaji atanisamehe leo nikianza na gari. Si gari la kawaida. Ni lile gari la Kimarekani lililo nyumba kamili, lenye vitanda, jiko, choo na bafu, ambalo wenyewe hulifupisha jina wakaliita RV, nami humu nitaliita gari-nyumba kwa kuwa ndivyo lilivyo. Watu hulikodi kwa siku chache, wakatia watoto na vyakula, wakaenda kukaa ufukweni au mwituni katika hifadhi za majimbo yao. Kwa maneno yetu ni mandari, kama hizi za Mama Ngina na Bamburi, ila wao hulala huko huko.

Najua wako watakaouliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu siku hizi ni nyumba chache za Mji wa Kale, Majengo, Malindi au Lamu ambazo hazina mtoto ng'ambo, na watoto hao huwaita wazazi wao wakawatembeze. Tena swali ninalotaka kuliuliza leo ni lile lile kwa aliye California na kwa aliye Bamburi: mandari ni ya nani? Nionavyo mimi, mandari zetu nyingi huharibika siku ile zinapopangwa. Shauri huanza na chombo, ni gari gani, linachukua wangapi, kodi yake ni kiasi gani. Na watu hutafutiwa nafasi baadaye, kama mizigo. Basi yule mnyonge wao ndiye anayekosa nafasi.

Nasema hivi kwa kuwa na mimi nilikuwamo.

Binti yangu ameolewa na kijana wa Lamu, nao wanakaa Los Angeles, katika jimbo la California, pamoja na watoto wao wanne na mamake huyo mkwe wangu, ambaye sisi sote humwita Bi Mkubwa. Mwaka jana mimi na mke wangu tulikwenda kuwazuru, tukawa jumla watu tisa nyumbani. Mkwe wangu ana moyo mkubwa. Aliona haifai wazee watoke Mombasa mpaka kule kisha warudi bila ya kuiona vizuri bahari ya Pasifiki, akaamua kutupeleka tukalale pwani katika sikukuu ya wafanyakazi, ambayo Wamarekani huiadhimisha Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Septemba.

Alianza na gari. Kwa muda wa wiki mbili hatukuzungumza jambo jingine mezani ila gari: picha za nje, picha za ndani, kitanda kinachoshuka kutoka darini, meza inayogeuka kuwa kitanda. Lilikuwa na urefu wa karibu futi 30, na tangazo lilisema linalala watu wanane. Wanane! Neno hilo ndilo lililokata shauri. Tisa hawaingii katika wanane, na pasi na kikao wala maulizo tukajikuta sote tumemtazama Bi Mkubwa. Anatembea kwa mkongojo, magoti yamechoka, usiku usingizi wake ni wa kuokoteza. Mwenyewe akatuondolea aibu kwa kusema, "Nendeni wanangu, mimi nitakaa kwa jirani." Nami, haya yananishika nikiandika, nilishukuru moyoni kwamba amesema yeye na sikusema mimi.

Hifadhi tuliyoikusudia inaitwa Carpinteria State Beach, kiasi cha kilomita 130 kaskazini-magharibi ya Los Angeles, karibu na mji wa Santa Barbara. Tulifika alasiri. Mlinzi wa langoni alikuwa mpole, tena mpole mno, kama daktari mwenye habari mbaya. Akatueleza kwamba nafasi zote za siku zile zilikuwa zimekwisha kuwekwa, na nyingi ziliwekwa tangu miezi sita nyuma. Ndiyo kanuni yao: kila siku saa mbili asubuhi hufunguliwa nafasi za miezi sita ijayo, na kwa hifadhi za pwani wakati wa kiangazi, aliyechelewa hupata makombo, au hapati hata hayo. Mkwe wangu alikuwa ameuliza kila kitu kuhusu gari. Hakuuliza kuhusu mahali pa kuliegesha.

Tukazunguka. Kila kambi ilijaa. Mwishowe tuliruhusiwa kulala katika uwanja wa magari wa duka moja kubwa, chini ya taa zisizozimwa usiku kucha, na malori yakiunguruma ubavuni. Hapo ndipo gari-nyumba lilipotufundisha tabia zake. Lina matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya sinki na bafu, na la choo. Sisi tusioridhika na karatasi peke yake, tukitumia kopo kama tulivyolelewa, watu wanane, tulilijaza lile tangi la choo mapema kuliko alivyotazamia aliyetukodisha. Tangi la maji safi nalo likaisha kwa udhu na vyombo. Msomaji hana haja ya kuelezwa harufu. Mke wangu, aliyekuwa amekwisha kupika chakula cha usiku kwenye jiko la upana wa kiganja, aliosha masufuria kwa maji ya chupa huku amepiga magoti sakafuni kwa kukosa pa kusimama. Sisi wanaume tulikuwa nje tukijadiliana juu ya bomba.

Asubuhi yake tulipata saa mbili hivi za kutembea ufukweni kabla ya kurudi. Na nataka kukaa kidogo hapo, maana ndipo kisa chenyewe kilipo.

Pwani ya Carpinteria hutoka lami. Si lami ya barabara iliyomwagwa na mtu, bali lami ya ardhini inayobubujika yenyewe kutoka kwenye ukingo wa udongo, ikatiririka polepole mpaka mchangani, nyeusi na nzito. Ukikanyaga kwa mguu mtupu utarudi na soli mpya. (Huondoka kwa mafuta ya nazi, mke wangu alikuwa nayo mkobani, na alipakua wajukuu wanne kwa zamu.) Wenyeji wa asili wa pwani ile ni Wachumash, na kijiji chao cha hapo kiliitwa Mishopshno. Wao waliijua thamani ya lami hiyo. Waliunda mashua iitwayo tomol: mbao walizipasua kutoka magogo yaliyoletwa na mawimbi, wakazitoboa tundu pembezoni, wakazishona ubao kwa ubao kwa kamba za nyuzi za mmea wa porini, kisha wakaziba kwa lami iliyochemshwa pamoja na utomvu wa msonobari. Hapana msumari. Kwa vyombo hivyo walivuka mkondo mpaka visiwani. Askari wa Kispania walipopita mwaka 1769 waliwakuta watu hao wakiunda mashua, wakapaita mahali hapo Carpinteria, yaani karakana ya seremala, na jina likabaki hadi leo.

Nilisimama nikitazama ile lami, na fikra zikanipeleka kwenye mtepe. Msomaji wa Lamu na visiwa vya Wabajuni hahitaji kuambiwa mtepe ni nini, lakini kwa vijana wetu niseme: ni chombo cha kale cha pwani yetu, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Watu wawili waliotengwa na nusu ya dunia, hawakupata kuonana, wakashona mbao kwa kamba ili wavuke bahari. Nikageuka kumtafuta wa kumwambia. Na katika jamaa yetu nzima mtu mmoja tu ndiye aliyezaliwa katika nyumba ya waunda vyombo, aliyecheza utotoni kwenye vumbi la mbao huko Matondoni, anayejua kalafati, sifa na shahamu kwa mikono yake. Mtu huyo tulikuwa tumemwacha kwa jirani, kwa kuwa gari lilikuwa la watu wanane.

Tuliporudi, Bi Mkubwa hakutuuliza habari ya gari. Aliuliza neno moja: "Bahari yao yanuka kama yetu?" Tukatazamana. Hakuna aliyeweza kumjibu. Tulichokinusa sisi kilikuwa kingine.

Huu ni mwaka wa pili, na binti yangu amesema tukijaaliwa twende tena mwezi wa Julai, mara hii na Bi Mkubwa. Mashauri yamekuwa ya simu kati ya Mombasa na Los Angeles, na nimeona niyaeleze hapa kama yalivyokwenda, kwa sababu mwenye kupanga safari ya namna hii huenda akapata humo la kumfaa, hata kama mandari yake itakomea Jomo Kenyatta Beach.

Kitu cha kwanza, nilimwambia mkwe wangu afunge hizo picha za magari. Akaniuliza, "Sasa Baba, tuanze na nini?" Tuanze na magoti ya Bi Mkubwa, nikamwambia. Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Lakini jaribu mwenyewe uone jinsi kila jambo linavyojipanga nyuma ya magoti hayo. Mtu asiyeweza kupanda ngazi za mwinuko hatalala kitanda cha darini, basi anahitaji kitanda cha chini, karibu na choo. Mtu anayeamka mara nne usiku hawezi kutembea gizani mpaka vyoo vya kambi, basi gari lazima liwe na choo kinachofanya kazi usiku wote. Na choo kitumike kwa maji bila ya mtu kuhesabu makopo, basi nafasi tutakayokodi lazima iwe yenye bomba la maji safi, mfereji wa maji machafu na umeme. Carpinteria zipo nafasi za namna hiyo, ingawa si zote, na ndizo zinazokimbiliwa. Kwa hivyo magoti ya mama mmoja yametuchagulia kitanda, choo na nafasi yenyewe, kabla hatujaitazama picha hata moja.

Kisha likaja lile tisa. Sheria ya hifadhi hizo ni kwamba nafasi moja haizidi watu 8. Mwaka jana sheria hiyo hatukuijua, na hata lau tungaliijua ingalitufaa kama kisingizio cha pili. Mwaka huu shauri likawa kukodi nafasi mbili: moja ya gari, moja ya hema. Mkwe wangu akalalamika gharama. Alikuwa na haki kulalamika, maana mishahara ya ng'ambo tunayoiona kubwa huku ikishaliwa na kodi ya nyumba husalia jina. Lakini tulipopiga hesabu upya tukaona jambo la ajabu. Ikiwa wanaume tutalala hemani, gari la futi 30 la nini? La watu watano latosha: Bi Mkubwa, mke wangu, binti yangu na wajukuu wawili wa kike. Gari dogo kodi yake ndogo, mafuta yake kidogo, na kuligeuza si kazi ya kumwita jirani apige kelele "rudi, rudi, simama!" Tukapunguza usiku mmoja vilevile, tukabaki na usiku tatu. Hesabu ikakaribia kuwa ya mwaka jana. Aliyeanza na mtu amepata gari rahisi, na aliyeanza na gari alikuwa amemwacha mtu.

Naona msomaji amehesabu waliobaki hemani: mkwe wangu, vijana wake wawili, na mimi. Ndiyo, na mimi. Mgongo wangu nao una umri wake. Lakini siwezi kuandika makala ya kuwausia watu wawapangie wanyonge kisha nikalale kitandani na kiyoyozi, wakati mama wa watu yumo katika kutafutiwa pembe. Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akaketi.

Jambo la tatu ndilo lililoleta ubishi mkubwa kuliko yote, nalo ni mwiko. Tuseme kweli sisi wanaume wa pwani. Tangu nipate akili, mandari zetu zimekuwa pumziko la kila mtu isipokuwa waliozaa wenziwe. Mama huamka kabla ya alfajiri kukaanga viungo vya pilau, hufunga sufuria kwa shuka, hubeba birika, mkeka, vikombe, nguo za watoto. Akifika ufukweni hupakua, hugawa, huokota. Watu wakienda kuogelea yeye huchunga viatu. Jua likizama hufunga tena. Mke wangu amekwenda mandari na mimi kwa miaka arubaini, na nilipomwuliza mara ya mwisho alipotia miguu baharini, alifikiri kwa muda mrefu kisha akaniambia ni kabla ya kuzaliwa kifungua mimba wetu. Hakulisema kwa kulalamika. Ndiyo maana likanichoma.

Basi nimependekeza, na mkwe wangu ameridhia kwa ulimi japo uso wake ulikuwa bado unatafakari, kwamba safari hii wanaume wapike. Mishikaki juu ya moto wa kambi, wali wa mchana mmoja, mayai asubuhi, na mchuzi utakaopikwa nyumbani ukagandishwa. Nyama itanunuliwa kwa mchinjaji halali wa Los Angeles kabla ya kuondoka, maana friji ya gari ni ndogo na hatutaki kuanza kutafuta bucha barabarani. Kuni hazichukuliwi kutoka nyumbani: huko huombwa watu wanunue kuni pale pale watakapoziwashia, ili wasihamishe wadudu wanaoua miti. Mke wangu amesema tutaunguza. Huenda. Nimemwambia wali ulioungua haujapata kumwua mtu. Akajibu kwamba mimi sijapata kuula.

Na ile kazi ya bomba, ambayo mwaka jana tuliijadili badala ya kuifanya, sasa ina wenyewe. Vijana wawili wamekwisha kufundishwa: tangi la choo hufunguliwa kwanza, kisha la maji ya sinki, ili haya ya pili yaoshe bomba. Glavu mkononi. Babu atasimamia kwa mbali.

Yako mengine madogo ambayo yasipokumbukwa hugeuka makubwa. Vitanda vya gari si viti vya gari: gari laweza kulaza watu wengi na mikanda ya kukalia isiwatoshe, basi gari dogo la nyumbani litafuata nyuma, na Bi Mkubwa atakaa humo kiti cha mbele, asirushwe na mitikisiko. Reli yapita nyuma ya kambi na treni hupiga honi, kwa hivyo tulitafuta nafasi iliyo upande wa bahari. Maji ya Pasifiki kule ni baridi hata kiangazi, hayafanani kabisa na haya yetu ya vuguvugu, na asubuhi ukungu hulala juu ya pwani mpaka karibu na adhuhuri. Sweta na blanketi zatangulia kabla ya nguo za kuogelea. Ukungu huo mke wangu ameufurahia. Amesema saa hiyo watu watakuwa wachache, naye na Bi Mkubwa watatia miguu majini na mabuibui yao pasi na mtu kuwatazama kama sinema. Katika baadhi ya fukwe za California huwekwa viti vya magurudumu mapana, vinavyopita mchangani bila ya kuzama. Binti yangu amepewa kazi ya kupiga simu kuulizia kimoja.

Kuhusu sala, wajukuu walikuwa na maswali kuliko sisi. Mwendo ule ni wa kupunguza sala, na usiku tatu hauukati usafiri, basi tutapunguza na kukusanya kama tulivyofundishwa chuoni. Jua la Julai kule huzama kiasi cha saa mbili usiku, jambo ambalo kwa sisi tuliozoea magharibi ya saa kumi na mbili na ushei ni kama mchezo. Alfajiri nayo yaingia wakati wa kimya, kwani kambi hutakiwa kunyamaza tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tutaadhini kwa sauti ya kuamsha hema letu, si la jirani. Na kibla? Huku Mombasa twaelekea kaskazini moja kwa moja, na ukiwa Bamburi bahari iko mkono wako wa kulia. Kule nako ni kaskazini, ila kumeinama kidogo kuelekea mashariki. Bahari itakuwa nyuma yetu na milima mbele. Mjukuu wangu wa tatu aliposikia kwamba babu na yeye, kila mmoja upande wake wa dunia, huelekea karibu upande ule ule, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo Makka iko juu ya ramani." Nimemwachia babake amsahihishe.

Bi Mkubwa mwenyewe aliuliza swali moja tu katika mashauri haya yote. "Huko ufukoni hatutafukuzwa?" Nilijua linakotoka. Amezeeka akiona kuta zikijengwa mpaka kwenye maji, njia alizopita akiwa msichana zikiwekewa lango na askari. Nilimwambia hapana. Wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kuilinda pwani yao mwaka 1972, na mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kudumu iliyoweka wazi haki ya watu kuifikia bahari. Na hifadhi ni mali ya jimbo, mgeni wa Lamu na tajiri wa Los Angeles hupanga foleni moja. Sikumwambia kwamba na sisi Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Angaliniuliza mbona basi ile njia yake imefungwa, na simu ya ng'ambo ina gharama.

Ikabaki foleni yenyewe. Siku ile ya Januari, saa mbili asubuhi ya California ilikuwa saa moja usiku ya Mombasa. Nilisali magharibi msikitini, nikarudi mbio kwa kadiri ya miguu yangu, nikakaa na simu sikioni. Kule walikuwa wamejipanga kama askari: binti yangu na kompyuta moja, mumewe na nyingine, kijana mkubwa na simu yake, na Bi Mkubwa kwenye kiti, tasbihi mkononi. Ilipotimu saa mbili nikasikia vidole tu. Kisha kelele ya kijana, "Imekwenda!" Nafasi tuliyoitaka zaidi ilichukuliwa mbele ya macho yetu. Nikasikia binti yangu akisema bismillahi kwa sauti, kisha kimya, kisha mumewe akashusha pumzi. Tumepata mbili. Ya gari ina maji, mfereji na umeme kama tulivyotaka. Ya hema haipakani nayo. Kati yetu patakuwa na wageni watatu, nasi tutapita mbele yao usiku na tochi tukienda kuuliza kama kuna chai. Si haba.

Kabla hatujakata simu Bi Mkubwa aliomba kusema nami. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia juu ya lami na ile mashua ya kushonwa, na kwamba Wachumash wa leo waliiunda upya mwaka 1976, na mwaka 2001 wakavuka tena kwa tomol mpaka kisiwa cha Santa Cruz. Alikuwa ameyafikiri mambo hayo siku nyingi. Akataka kujua tundu walitoboa kwa nini, na kamba waliikaza kwa kijiti au kwa mkono. Sikujua. Akasema ataziangalia picha mwenyewe tukifika, na mimi nikija nisije mikono mitupu: nimletee kamba ya makumbi, ile ya kusokotwa kwa mkono, si ya dukani, pima mbili zatosha, awaonyeshe wajukuu jinsi mshono unavyokwenda.

Nimeagiza Lamu. Aliyeahidi kuisokota amesema baada ya pepo za kaskazi kupungua, na sweta ya Bi Mkubwa bado haijanunuliwa.